Mkate wa Wagonjwa

Mukhisa alikuwa mpishi hodari, lakini Jumamosi ile alikishika kisu kama mtu aliyeingia jikoni kwa mara ya kwanza. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa mezani katikati ya mizabibu, ilikuwa imepangwa mikate ya Nasimiyu, mchumba wake. Ilikuwa ya mviringo, ganda lake limekauka vizuri, na kila mmoja ulichanjwa juu alama ya suke la wimbi. Hakuna mwanamke mwingine Bungoma nzima aliyechanja mkate hivyo. Kila alipokata kipande Mukhisa aliona kama anamkata mwenyewe Nasimiyu.

Na wageni walikula, wee! Walikaa kwenye mablanketi chini ya mizabibu, kofia zimewafunika nyuso, glasi za divai mikononi. Wakavunja mkate, wakaweka jibini juu, wakafumba macho kwa utamu. Mlima Elgon ulikuwa wazi siku hiyo, hauna hata wingu. Ilikuwa siku nzuri sana kwa mtu mwenye dhamiri safi.

Shamba lilikuwa la Bwana Fenta, Kaburu aliyetoka Kepu, huko Afrika Kusini, na vijiti vya mizabibu vilivyofungwa kwa gunia bichi. Majirani wake wa Kitale walimcheka miaka yote ya vita vya Hitler. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alitoa divai ambayo mtu angeweza kuinywa bila kukunja uso. Basi mkewe akatangaza kwamba wageni watakuja kuinywa palepale shambani, kama wanavyofanya kwao, kwa mkate na jibini. Wala si mkate wa kwenye boksi unaotoka dukani. Alitaka mkate wa mkono, mgumu nje, laini ndani.

Jibini haikumpa Mukhisa taabu. Katika shamba la jirani alikuwapo Mathenge, kijana wa watu waliotoka Nyeri wakalowea Trans-Nzoia, naye ndiye aliyekuwa akiangalia chumba cha jibini. Alimtolea jibini nzima, ya mviringo kama gurudumu, iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mbona inanuka hivi, bana?" Mukhisa aliuliza, akigeuza uso.

"Ndiyo mzungu anapenda. Wewe na mimi tukinuka hivi tutafukuzwa kazi." Mathenge alicheka hadi akashika mlango. "Haya, na mkate umepata?"

"Mkate ndiyo iko na shida. Nimepika mara mbili, inatoka tofali."

"Si una yule wako wa Bungoma? Kila siku unaniimbia mkate wake mpaka nasikia njaa. Nenda kwake."

Ndivyo Mukhisa alivyopanda lori la Kipruto, dereva wa shamba, akashuka Mabanga, huko Bungoma, kwa kina Nasimiyu. Na huko ndiko alikojitia kitanzi.

Nyuma ya nyumba ya Mzee Wabwile kulikuwa na kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa. Nasimiyu alikichimba tumbo, akakipiga lipu ya udongo na samadi, kikawa tanuri. Mke wa mmishonari ndiye aliyemfundisha kupika mkate, lakini ile akili ya kichuguu ilikuwa yake mwenyewe. Mukhisa alimpenda siku aliyomwona akitoa kichwa ndani ya kichuguu hicho, uso umejaa majivu, akimwambia, "Unaangalia nini? Leta kuni." Tangu siku ile alikuwa ameleta kuni nyingi.

Mzee Wabwile, karani mstaafu, mtu wa kanisa, alikuwa amekwisha kukubali. Ng'ombe walikuwa wamehesabiwa, tarehe ya tangazo imepangwa. Sharti lake lilikuwa moja tu, na alilitamka kila mara kwa sauti ileile: mtu wa pombe hataoa kwake. Kaka yake, Wekoye, alitoka kilabuni jioni moja amelewa, akaingia mto Nzoia kwa miguu yake mwenyewe, akazikwa mwili umevimba. Tangu hapo nyumba ile haikuruhusu hata mrija wa kunywea pombe ya busaa. Alipomuuliza Mukhisa bwana wake analima nini, Mukhisa alijibu, "Mahindi na ng'ombe, Baba." Hakusema uongo. Aliiacha tu mizabibu.

"Mulembe, Baba," alisalimu siku ile alipokwenda kutafuta mkate.

"Mulembe, kijana. Karibu kiti. Nasikia unataka mkate mingi. Ni ya nini?"

Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga, anatabasamu. Mukhisa alikuwa amejiandaa kusema ni ya wageni wa memsahib. Lakini wageni wanakuja kufanya nini? Mzee angeuliza hilo hakika. Ulimi wake ukamkimbia.

"Ni ya wagonjwa, Baba. Wa hospitali ya Kitale. Memsahib anataka kuwapelekea kitu."

Uso wa mzee uling'aa. "Ona sasa! Na watu wanasema wazungu hawana huruma."

"Mimi sina unga ya kutosha," Nasimiyu alisema, akifikiri. "Lakini iko ile akina mama wa kanisa wamechanga ya mkutano wa mwaka. Wakisikia ni ya wagonjwa, nani atakataa? Tutachanga ingine."

"Hapana, Nasimiyu, usichukue ya kanisa..."

"Wewe nyamaza. Mgonjwa ni wa kanisa."

Alipika siku nzima, baba yake akiwa ametoka. Alipomfungia mizigo alimpenyezea mkononi mkate mmoja mdogo, bado una moto. "Huu ni wako," akamnong'oneza. "Usimpe mtu, hata kama ni mgonjwa sana." Akacheka, akakimbilia ndani.

Mukhisa hakuweza kuula. Aliufunga kwa leso, akauweka kwenye kapu lake.

Sasa alikuwa amesimama kati ya mizabibu akiwa na kanzu nyeupe na kofia nyekundu, na mkate ulikuwa umekwisha.

"Mpishi!" memsahib aliita. "Iko mkate ingine?"

"Imekwisha, memsahib."

"Angalia vizuri. Bwana hii nataka ingine kidogo."

Ungefanya nini wewe? Angeweza kusema hapana mara ya pili. Lakini Mukhisa alikuwa na ule ugonjwa wa watu wapole: kila anayemtazama usoni anapata anachotaka. Alikwenda kwenye kapu, akafungua leso, akautoa ule mkate mdogo, akauweka kwenye sahani. Yule bwana mnene aliuvunja, akachovya kipande ndani ya divai mpaka kikawa chekundu, akakitia kinywani. Kisha akasema maneno ya kwao, na memsahib akageuka kwa furaha.

"Mpishi, bwana hii nasema hajakula mkate kama hii tangu kwao. Wewe nafanya mwenyewe?"

"Ndiyo, memsahib," Mukhisa alisema.

Akageuka ili aende zake, na hapo ndipo alipomwona. Nasimiyu alikuwa amesimama mwisho wa safu ya mizabibu, kikapu kichwani, viatu vyake vya Jumapili mkononi, miguu imejaa vumbi. Alikuwa karibu mno. Alikuwa amesikia.

Mukhisa hakukumbuka alivyofika pale. Alijikuta amesimama mbele yake, chupa ya divai bado mkononi.

"Nasimiyu..."

"Uko mzima?" alimuuliza.

"Niko mzima."

"Hukuanguka na lori?"

"Hapana. Kwa nini..."

"Hukuibiwa njiani? Hukupigwa?"

"Hapana, Nasimiyu."

"Sawa." Alishusha kikapu polepole, akakiweka chini. Ndani yake kulikuwa na kibuyu cha maziwa na kitabu cha nyimbo. "Tumetoka hospitali mimi na akina mama. Tulisema si tuwaone hao wagonjwa wetu, tuimbe kidogo. Mimi nikawa mbele. Nikauliza wa kwanza, mkate ulikuwa mtamu? Ananiangalia tu. Wa pili akasema mkate gani, mama? Nimezunguka wodi yote nikiuliza watu juu ya mkate, Mukhisa. Nimekuwa kama mwenda wazimu. Ni mama mmoja tu mzee, mguu umefungwa, alinishika mkono akasema ndiyo, binti yangu, ulikuwa mtamu sana. Nikajua ananihurumia."

Mukhisa alitamani ardhi impokee.

"Unajua nilifikiria nini?" aliendelea. "Nilifikiria umekufa. Mkate haikufika, basi Mukhisa amepata jambo njiani. Nimewaacha wenzangu pale. Nimetembea, nimekuta Kipruto barabarani, nimemuuliza huku nalia. Akaniambia panda, yuko kwa picnic. Sikujua hata picnic ni kitu gani."

"Wacha nikueleze."

"Eleza."

Mukhisa alifungua mdomo, akatafuta, na kila neno alilolipata lilikuwa na sura ya uongo mwingine.

"Niliogopa baba yako," alisema mwishowe.

"Na mimi je, uliniogopa? Ungeniambia kando. Ungeniambia, Nasimiyu, ni mkate ya watu wa divai."

"Ungenipikia?"

"Ningekataa. Lakini ningekataa nikiwa nakupenda."

Nyuma yao wageni waliangua kicheko juu ya jambo lao wenyewe. Nasimiyu alitazama meza ile, na Mukhisa aliona macho yake yalipoifikia sahani ya mwisho. Nusu ya mkate mdogo ilikuwa imebaki pale, imelowa, nyekundu.

"Hata huo," alisema kwa sauti ndogo. "Ati hata huo."

"Nasimiyu, nisamehe. Mungu anaona, nisamehe."

"Kesho jina letu linasomwa kanisani. Baba amenunua kofia mpya." Alijipangusa uso kwa kiganja, akabaki na vumbi shavuni. Mukhisa aliinua mkono ampanguse, akakuta mkono wenyewe umeshika chupa. Nasimiyu akaitazama ile chupa, kisha akajitwika kikapu chake.

"Rudi kazini, mpishi," alisema. "Wageni wako wanakungoja."

Mpishi. Miaka yote ya kujuana kwao hakuwahi kumwita hivyo. Mukhisa alimwangalia akienda, mgongo umenyooka, hageuki, mpaka mizabibu ikamficha.

Jumapili alikwenda Bungoma. Mtu mwingine angejifanya mgonjwa, na yeye mwenyewe alilifikiria hilo njia nzima. Alikaa upande wa wanaume, safu moja na Mzee Wabwile, ambaye kofia yake mpya ilikuwa juu ya goti na kila mara aliipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Umekonda, kijana," mzee alimnong'oneza kwa upendo. "Ni kazi ama ni mapenzi?" Mukhisa alijilazimisha kutabasamu, na tabasamu lile lilimwuma kuliko kofi.

Upande wa wanawake, Nasimiyu aliinamisha kichwa.

Baada ya nyimbo akasimama Mama Agneta, kiongozi wa akina mama, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Mimi nauliza kitu moja. Unga tulichanga mkebe kwa mkebe, tukaambiwa ni mkate ya wagonjwa. Jana tumeingia hospitali mikono mitupu, tumeaibika. Unga ilienda wapi?"

Nasimiyu aliinuka.

"Mkate iliungua, mama. Niliisahau kwa tanuri. Niliogopa kusema, hata hospitali nikajifanya nauliza wagonjwa. Ni makosa yangu."

Mnong'ono ulipita kanisa zima. Nasimiyu kuunguza mkate! Mama Agneta alimtazama kwa muda, hasira imechanganyika na huzuni. "Basi kupika mkate ya mkutano utaniachia mwaka huu," alisema. "Na utaomba msamaha kwa kila mama alitoa unga." Nasimiyu akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Mukhisa alielewa. Nasimiyu hakuwa anamlinda yeye. Alikuwa anailinda ile kofia mpya, ile furaha ya baba yake, siku hii moja. Msichana ambaye hakujua uongo unatamkwaje alikuwa amesimama mbele ya Mungu na watu akautamka, na aliyemfundisha alikuwa amekaa kimya kwenye benchi, suti imepigwa pasi.

Kisha mchungaji akafunua karatasi, akavaa miwani, akatabasamu. Alisoma jina la Mukhisa, mwana wa Bokoli. Alisoma jina la Nasimiyu, binti Wabwile. "Kama kuna mtu anayejua sababu ya hawa wawili kutofunga ndoa," alisema, "na aseme sasa."

Angebaki amekaa, yote yangekwisha. Ng'ombe wangepelekwa kwa mzee, harusi ingeliwa, na Nasimiyu, kwa tabia yake, asingelitaja neno lile tena maisha yao yote. Angempikia mkate kila wiki. Na yeye angeula kila wiki akijua.

Mukhisa akasimama.

Watu walicheka. Walidhani ni haraka ya bwana harusi. "Keti, kijana, zamu yako bado," mchungaji alimtania.

"Mimi niko na sababu," Mukhisa alisema.

Kicheko kikafa. Akasema yote, mikono imeshika benchi la mbele: mizabibu aliyoificha, wagonjwa aliowabuni, unga wa akina mama, divai aliyoimimina kwa mkono wake. "Huyu dada hajaunguza mkate. Hajawahi kuunguza hata mmoja. Amedanganya leo kwa sababu mimi nilidanganya kwanza. Kama ni mtu wa kuadhibiwa ni mimi."

Mzee Wabwile hakugeuka. Aliongea akitazama mbele, madhabahuni. "Mkate ya binti yangu ililiwa na pombe?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe ndiye unamimina?"

"Ndiyo, Baba."

"Unajua Wekoye alikuwa nani kwangu?"

"Najua."

"Ulijua, na ukakaa kwa kiti yangu." Aliichukua ile kofia kutoka gotini, akaiweka chini kwenye sakafu. "Mchungaji," akasema, "kunja hiyo karatasi."

Wiki ile Mukhisa alimwambia memsahib ukweli kwamba mkate haukuwa wake. Memsahib alisema haidhuru, ulikuwa mtamu, na akamuuliza kuhusu supu. Mukhisa akavua kanzu nyeupe, akaikunja, akaiacha jikoni. Alikwenda kwa Mathenge, akapewa kazi ya kuosha rafu za jibini. "Utanuka," Mathenge alimwonya, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Jioni moja Kipruto akamletea ujumbe kutoka Mabanga: akina mama wamechanga unga tena, mkate utatoka siku fulani, na wa kuupeleka hospitali ni yeye, kitanda kwa kitanda, huku akimwambia kila mgonjwa ule wa kwanza ulikwenda wapi. Hilo alilitaka Nasimiyu. Mzee Wabwile hakusema ndiyo wala hapana, alisema tu Mama Agneta aende amwangalie.

Kwa hiyo siku ile Mukhisa aliingia wodini na kikapu kizito. Mlangoni alisimama Mama Agneta, mikono kifuani, na nyuma ya bega lake alikuwa Nasimiyu. Hakumsalimu. Hakutabasamu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa yule bibi wa mguu uliofungwa. Mukhisa alipiga goti kando ya kitanda, akamkatia kipande, akamweleza. Masikio yalimwaka moto. Alieleza hadi mwisho, hata habari ya mkate mdogo, ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemwagiza aiseme.

Bibi alitafuna taratibu, kwa meno machache aliyokuwa nayo.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Binti yule aliniuliza kama mkate ni mtamu. Nikamwambia ndiyo, na sijaona mkate. Uso wake ulikuwa umeniuma, nami nikatenda dhambi hapahapa kitandani." Akameza. Akatazama mlangoni, akapaza sauti yake nyembamba. "Binti! Sasa nimeonja. Nilikuambia kweli."

Mama Agneta aligeukia ukuta haraka, akijifanya anakohoa. Mukhisa alibaki amepiga goti, haoni chochote kwa machozi, wala hakuthubutu kuinua uso. Alisikia hatua zikija polepole kwenye sakafu ya saruji. Zikasimama kando yake. Mkono wenye harufu ya moshi na unga ukakishika kikapu upande mmoja, ukakinyanyua.

"Twende," Nasimiyu alisema. "Kitanda kingine, Mukhisa."